Kutoka Ghuba ya Ungwana hadi Nyota Zipwazo na Kujaa: Historia ya Neno Uhuru katika Elimu ya Falaki, Ikitazamwa kutoka Ulyankulu

Ikisiri

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Makala haya yanafuatilia historia ya jina hilo kabla na baada ya kupaa kwake. Kabla ya kupaa, neno lilipita katika njia ya misafara ya Tabora likihusu mtumwa aliyeachwa. Baada ya kupaa, lilikatwa likabaki herufi moja katika majina ya nyota, zikiwamo pulsa za eksirei ambazo mng'ao wake hubadilika kwa namna nyingi. Tunadai kwamba Kiswahili kilitoa jina bila kuyapokea maelezo ya kile kilichogunduliwa, ilhali sehemu kubwa ya msamiati wa kuyatoa maelezo hayo imo tayari katika lugha.

Herufi moja katika orodha

Msomaji wa orodha za nyota zitoazo eksirei hukutana mara kwa mara na majina ya namna hii: 4U 0115+63, 4U 0900-40, 4U 1626-67. Tarakimu za mwisho ni anwani. Zinaeleza mahali nyota ilipo angani kwa mfano wa longitudo na latitudo za ramani. Tarakimu 4 inaeleza kwamba orodha yenyewe ni ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339 vya eksirei. Herufi U ni kifupisho cha Uhuru. Wanafalaki wa Marekani, Japani, India na Ujerumani huiandika herufi hiyo katika kazi zao, na sidhani kama wengi wao hujiuliza imetoka katika lugha gani.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili ufupisho huu unachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Neno uhuru limeundwa kwa kiambishi ngeli u-, kiambishi cha nomino za dhahania, na shina -huru lenye asili ya Kiarabu. Shina ndilo lililobeba maana. Kiambishi kinasema tu kwamba kinachotajwa ni hali. Ni kiambishi kilekile cha utoto, uzee, ujinga na ubovu. Waliofupisha walifuata desturi ya Kiingereza ya kuchukua herufi ya kwanza, wakachukua ngeli wakaliacha neno. Hivyo mamia ya vyanzo vya angani vina majina yenye kiambishi cha Kibantu kisicho na shina.

Kuitumia nambari kama jina si jambo geni kwetu. Ulyankulu, mkoani Tabora, yalianzishwa mwaka 1972 makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi. Barabara za makazi hayo zilipewa nambari, na nambari zikawa majina ya mahali. Watu wengi wa Afrika Mashariki ambao hawajawahi kufika huko wanaifahamu Barabara ya 13 kwa sababu ya kwaya yake. Hakuna anayeisikia 13 hiyo kuwa hesabu. Imekuwa jina kwa sababu imezungumziwa, imeimbiwa, imeolewa na kuzaliwa ndani yake. Nyota za 4U hazijapata bahati hiyo katika Kiswahili.

Naitazama historia hii kutoka Ulyankulu kwa sababu mahali hapo pamo katika nchi ya njia ya misafara, ambako maneno mawili tutakayoyajadili, ungwana na uhuru, yalipimwa kwa maisha ya watu kabla ya kupimwa na kamusi.

Ungwana na uhuru katika njia ya misafara

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, kisha ikaelekea Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Burton na Speke walifika Kazeh, katika eneo hilo la Unyanyembe, Novemba 1857. Jina Wanyamwezi lenyewe mara nyingi huelezwa kuwa lilitolewa na watu wa pwani: watu wa upande ule ambako mwezi mwandamo huonekana, yaani magharibi. Maelezo hayo yakikubaliwa, basi jina la kabila lililotoa wapagazi wengi kuliko yote lilitokana na kutazama anga.

Pamoja na vitambaa, shanga na bunduki, njia ile ilisafirisha maneno, na ungwana ni miongoni mwa yaliyofika mbali. Pwani, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye nasaba inayojulikana na adabu za mji. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Neno lilipoingia bara lilipanuka. Katika misafara, waungwana walikuwa watu waliotoka pwani kwa jumla, wapagazi na askari, na wengi wao walikuwa watumwa au walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Stanley aliwaita Wangwana katika vitabu vyake, na Kiswahili walichokipeleka hadi Kongo kikaja kuitwa Kingwana. Neno lililomtenga mtu huru na mtumwa likawa jina la watu ambao baadhi yao hawakuwa huru hata kidogo. Wataalamu wa semantiki watasema huu ni upanuzi wa maana, na ni kweli. Lakini naona pia kwamba ulikuwa upanuzi uliodaiwa na wasemaji wenyewe. Mtu aliyekuwa mtumwa Unguja aliweza kuwa mwungwana Tabora, kwa kuwa Tabora hapakuwa na mtu aliyemjua babu yake.

Huru lilikuwa neno la namna nyingine. Lilihusu tendo la kisheria: mtumwa aliachwa huru, akapewa hati. Ungwana ulirithiwa, uhuru ulitolewa. Na kilichotolewa kilikuwa na mtoaji. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kutoka 1922 hadi 1961 ni miaka 39 tu. Kwa mzee wa Tabora aliyesimama katika mikutano ya TANU, uhuru haukuwa neno jipya la siasa. Lilikuwa neno la zamani, la mtu mmoja mmoja, ambalo sasa lilitamkwa kwa nchi nzima.

Ulyankulu yenyewe inaingia katika maandishi ya wageni kwa njia ya vita. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, wakiungwa mkono na msafara wa Stanley, walikwenda kumpiga Mirambo, mtemi aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Kundi moja liliishambulia Ulyankulu na kupora, kisha likavamiwa na Mirambo lilipokuwa likirudi na mizigo yake, na wengi wakauawa, wakiwamo baadhi ya watu wa Stanley. Stanley mwenyewe ikambidi azunguke kusini ili afike Ujiji. Tahajia yake ya jina la mahali ni Wilyankuru. Ile r mahali pa l ni jambo la kutarajiwa kwa msikilizaji mgeni wa lugha ambazo sauti hizo mbili hazitofautishi maana. Naitaja kwa sababu tutaona baadaye kwamba majina ya Kiswahili huandikwa na wageni kwa masikio yao, na kilichoandikwa ndicho kinachobaki.

Neno linapanda

Katika muda wa miaka kumi neno uhuru likawa mali ya dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 mwenge ulipandishwa Kilimanjaro, na kilele cha Kibo kikapewa jina la Uhuru. Uhuru na Umoja ikawa kaulimbiu ya taifa la Tanganyika, ikabaki kuwa ya Tanzania. Mwaka 1962 Robert Ruark, Mmarekani, alichapisha riwaya iliyoitwa Uhuru. Mwaka 1966 mfululizo wa televisheni wa Star Trek ulileta mhusika aliyeitwa Uhura, mwanamke Mwafrika anayesafiri kati ya nyota; irabu ya mwisho ilibadilishwa ikawa -a, jambo ambalo katika lugha za Ulaya ya kusini huashiria mwanamke na katika lugha za Kibantu haliashirii chochote. Mwaka uliofuata Jaramogi Oginga Odinga alikipa kitabu chake jina la Kiingereza lenye neno hilo, kwa maana kwamba uhuru bado. Kwa hiyo neno lilipopanda roketi mwaka 1970 lilikuwa tayari na furaha ya wengine na shaka ya wengine.

Roketi ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, mnara wa chuma uliosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa hilo lilikuwa kazi ya Waitaliano chini ya Luigi Broglio, na lilianza kurusha setilaiti mwaka 1967. Lipo chini kidogo ya mstari wa ikweta, kama nyuzi 3 kusini. Roketi inayorushwa mashariki kutoka hapo husaidiwa na mwendo wa dunia yenyewe. Na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya kusini ambako chembechembe zilizonaswa na usumaku wa dunia huvuruga vipimo. Waitaliano na Wamarekani hawakuja Ngomeni kwa mapenzi ya Kiswahili. Walifuata jiometria ya dunia.

Jina lilitolewa na Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo katika shirika la anga la Marekani, kwa heshima ya wenyeji wa Kenya na kwa kuwa siku ya kurusha iliangukia kumbukumbu ya uhuru wa nchi hiyo, miaka saba kamili tangu 12 Desemba 1963. Kabla ya hapo chombo kiliitwa SAS-A. Hapa pana jambo dogo la kimatumizi. Tarehe 12 Desemba ni siku ya uhuru na pia siku ya jamhuri, iliyotangazwa mwaka mmoja baadaye, na Wakenya wanaiita Siku ya Jamhuri. Ni sisi wa kusini, na tarehe yetu ya 9 Desemba, tuliolishika jina la Siku ya Uhuru. Kwa mazoea ya wenye nchi, chombo kile kingeweza vizuri kuitwa Jamhuri, na nyota zote zile leo zingeanza kwa J.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Maji ambamo jukwaa limesimama yanaitwa katika ramani za zamani Formosa, neno la Kireno la uzuri. Jina lake la Kiswahili ni Ghuba ya Ungwana, nalo ni jina pia la mji wa kale ulio magofu huko karibu na mdomo wa Mto Tana. Uhuru uliondoka kutoka Ungwana. Sidai kwamba aliyelichagua jina alijua hili, na sioni sababu ya kudhani alijua. Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, haiwezekani kuyasoma majina hayo mawili pamoja bila kuisikia ile tofauti ya njia ya misafara, kati ya hadhi ambayo mtu huzaliwa nayo na ile ambayo hupewa kwa hati.

Kilichoonekana

Eksirei zitokazo angani haziwezi kufika ardhini kwa kuwa angahewa huzizuia. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyokaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu, wakagundua chanzo cha kwanza nje ya mfumo wa jua, katika kundinyota la Nge. Kwa dakika chache mtu anaweza kujua kwamba nyota inang'aa. Hawezi kujua kama mng'ao wake hubadilika. Setilaiti ya Uhuru ilibadilisha jambo hilo. Iliizunguka dunia kila baada ya dakika 96, katika kimo cha kati ya kilomita 520 na 560, ikitazama nyota zilezile tena na tena hadi Machi 1973. Kwa maneno mengine, mchango wake mkubwa ulikuwa muda.

Katika miezi ya mwanzo ya 1971 ilionekana kwamba chanzo kiitwacho Cen X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8. Kisha ikaonekana kwamba mapigo hayo hayafiki kwa muda uleule: kuna wakati huwahi kwa takriban sekunde 40, na wakati mwingine huchelewa kwa kiasi hichohicho, na mwendo huo wa kuwahi na kuchelewa hujirudia kila baada ya siku 2.087. Tena, katika kila mzunguko wa siku hizo mbili na kidogo, chanzo hutoweka kwa karibu nusu siku. Maelezo yalipatikana: kitu kidogo kinaizunguka nyota kubwa, kinapokuja upande wetu mapigo yanawahi, kinapokwenda ng'ambo yanachelewa, na kinapopita nyuma ya mwenzake hakionekani.

Kitu hicho kidogo ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka. Uzito wake unazidi wa jua letu, lakini upana wake ni kama kilomita 20 tu, na usumaku wake ni takriban mara trilioni ya ule wa dunia. Gesi kutoka kwa nyota mwenza huvutwa kuelekea huko, hushikwa na usumaku, huongozwa hadi kwenye ncha mbili za sumaku, na huanguka kwa kasi inayokaribia nusu ya kasi ya mwanga. Inapogonga, joto lake hutoa eksirei. Nyota ikizunguka, ncha zile zenye kung'aa zinatugeukia na kutupa kisogo kama taa ya mnara wa baharini. Hayo ndiyo mapigo. Kipimo kilichowasadikisha wanafalaki ni kwamba mapigo ya Cen X-3 yalikuwa yakiharakika polepole kadiri miezi ilivyopita. Pulsa za redio, kama zile alizozigundua Jocelyn Bell mwaka 1967, hupungukiwa na mwendo kwa sababu mwanga wao hugharimiwa na mzunguko wao wenyewe. Hii iliongezewa mwendo, kwa hiyo ilikuwa inalishwa na kitu cha nje.

Mwaka 1972 ikatangazwa Her X-1, yenye mapigo ya sekunde 1.24 na mzunguko wa siku 1.7. Hii iliongeza jambo la tatu. Kwa siku kama kumi huonekana kwa nguvu, kisha hufifia, hurudi kwa nguvu ndogo, hufifia tena, na mwendo wote huchukua takriban siku 35. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba gesi inayoelekea kwenye nyota hutengeneza sahani pana iliyopinda, na sahani hiyo yenyewe huyumba polepole ikituziba na kutufungulia. Baadaye, katika miaka ya 1983, 1993 na 1999, nyota hiyo ilikaa katika hali ya ufifi kwa muda mrefu kuliko desturi yake kabla ya kurudi.

Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jukwaa la San Marco liliendelea: Ariel 5 ya Waingereza ilirushwa kutoka hapo mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975, zote zikaongeza pulsa za eksirei katika hesabu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale ambayo muongo ule ulijua kuhusu nyota hizi ilipita juu ya vichwa vya wavuvi wa Ngomeni.

Kuyasema kwa Kiswahili

Nimeyaeleza hayo kwa Kiswahili bila taabu kubwa, na hiyo ndiyo hoja yangu. Taabu iliyopo imo katika maneno machache, nayo inastahili kuangaliwa.

La kwanza ni jina la elimu yenyewe. Unajimu kwa asili ni elimu ya nyota, lakini katika matumizi ya leo mnajimu ni mtu atabiriye, hata gazeti likiandika kwamba wanajimu wamegundua nyota mpya msomaji hutega sikio asikie nyota hiyo inasemaje kuhusu ndoa yake. Falaki ni salama zaidi. Kwa eksirei tunalo pia neno uyoka, lililobuniwa na wanaistilahi. Ni zuri, lakini hospitalini hakuna mgonjwa anayetumwa kupiga uyoka, nami naona istilahi isiyoshinda hospitalini haitashinda angani. Pulsa naikubali kama mkopo. Wanaopendelea nyota ya vipigo wakumbuke kwamba kipigo ni kile apatacho mwizi. Mapigo ndiyo ya moyo.

Lililo gumu ni lile neno la kubadilika kwa mng'ao. Mwelekeo wa watafsiri wengi ungekuwa kuandika kubadilikabadilika, na hapo ndipo uradidi unapotudanganya. Kurudufu kitenzi katika Kiswahili huleta maana ya kurudiarudia, lakini mara nyingi pamoja na ulegevu au kutokuwa na mpango: kulialia, kuchekacheka, kuzungukazunguka. Mtu anayezungukazunguka mjini hana safari. Cen X-3 ina safari, na saa yake ni kamili kuliko nyingi za mkononi. Kuiita inabadilikabadilika ni kuificha ile habari hasa ambayo setilaiti ilitumwa kuileta.

Lugha inatupa vitenzi bora, kila kimoja kwa aina yake ya mabadiliko. Mapigo yanapiga. Kutoweka nyuma ya nyota mwenza ni kupatwa, na hili halihitaji istilahi: waliokwenda Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 kuliona jua likipatwa kwa umbo la pete walilitumia neno hilo bila kufundishwa na mtu. Mwendo wa siku 35 wa Her X-1 ni kupwa na kujaa. Naliteta neno hili kwa nguvu zaidi kuliko mengine, kwa kuwa maji ya bahari yana tabia ileile: yana kujaa kukubwa na kujaa kudogo, yana bamvua na maji mafu, na yanapopwa hayajaisha, yamejitenga tu na macho ya aliye ufukoni. Nyota hizi zina pia tabia ya nne. Nyingine, kama 4U 0115+63, hukaa kimya kwa miaka kisha hung'aa ghafla kwa wiki kadhaa nyota mwenza inapomwaga gesi nyingi, halafu huzimika. Kwa hili ningependekeza kufumka, kwa kuwa mlipuko hubeba wazo la kuharibika na hapa hakuna kilichoharibika.

Kuhusu gesi inayochukuliwa kutoka nyota moja kwenda nyingine, kuna kitenzi kinachojileta chenyewe, kunyonya, nacho kina historia. Mwandishi wa Tanzania mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, asingeweza kuandika kwamba nyota ndogo inamnyonya mwenzake bila wasomaji wake kuona kupe, mirija na bepari. Pengine hiyo ingekuwa faida, makala yangesomwa. Kifizikia, hata hivyo, neno halifai: anyonyaye hufanya kazi ya kuvuta, lakini gesi hii inaanguka, na katika nyota kama Vela X-1, yaani 4U 0900-40, sehemu kubwa ya gesi ni upepo ambao nyota kubwa ilikuwa inaupuliza hata hivyo. Mwenza mdogo anaokota njiani. Kuokota au kukinga ni karibu zaidi na ukweli, na mtu anayekinga maji ya mvua kwa ndoo anafahamu kwamba kiasi apatacho hakitegemei ndoo tu, kinategemea pia wingu. Ndiyo sababu mng'ao wa nyota hizi hauna utulivu.

Kazi ya namna hii imewahi kufanywa. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na anayesema Kiswahili hakiwezi fizikia anapaswa kueleza kitabu hicho kilichapishwa katika lugha gani. Kilichokosekana ni matini. Istilahi huishi katika sentensi, nazo sentensi za falaki kwa Kiswahili ni chache mno, wakati majina tunaendelea kuyatoa: mwaka 2023 Kenya ilipeleka angani Taifa-1, safari hii kutoka California.

Ulyankulu, 1972

Mwaka ambao Her X-1 ilitangazwa ndio mwaka ambao wakimbizi kutoka Burundi walianza kukata miti Ulyankulu na kupanda mahindi. Walikuja na Kirundi, ambamo nyota ni inyenyeri, wakaishi katika nchi ya Kinyamwezi, wakawalea watoto katika Kiswahili. Kwa miaka zaidi ya thelathini walikuwa wageni kisheria, hadi serikali ilipoamua mwaka 2007 kuwafungulia mlango wa uraia wale waliokuja mwaka 1972. Kufikia 2010 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuwa wamekubaliwa. Hapo tena, kama katika siku za misafara, hadhi ilikuja kwa hati, na vyeti vilichelewa kufika hata baada ya neno kutamkwa.

Mtoto wa Ulyankulu hujifunza sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Akifika sekondari fizikia hugeuka kuwa ya Kiingereza, na ikiwa atakutana na 4U popote, atakutana nayo huko, katika lugha ambamo herufi hiyo haina maana. Mwalimu angeweza kumwambia kwa sentensi moja, wala hahitaji maabara. Katika miezi ya mwisho wa mwaka, kundinyota la Perseus huinuka upande wa kaskazini wa Ulyankulu, si mbali na Kilimia, nyota ambazo wakulima wa Kiswahili walizitaja kwa kitenzi cha kulima na kuzihusisha na majira ya mvua. Huko Perseus kuna nyota iitwayo X Persei, ambayo huonekana kwa darubini ya kawaida ya mkononi usiku usio na mbalamwezi. Mwenza wake ni pulsa ya eksirei ya mapigo ya polepole sana, ambayo huchukua karibu dakika 14 kujizungusha mara moja. Nyota hiyo kubwa nayo hung'aa zaidi katika miaka fulani na kufifia katika mingine, kadiri pete ya gesi iliyoizunguka inavyotokea na kutawanyika. Katika orodha ya nne ya Uhuru imeandikwa 4U 0352+30.